Jinsi ya kwenda tamasha la katuni Uingereza na kurudi na vitabu ambavyo hukuvijua

Ukitaja tamasha la katuni Uingereza, wengi huwaza ukumbi mkubwa, vijana waliovaa kama mashujaa wa sinema, waigizaji wanaosaini picha kwa ada, na vibanda vya midoli. Hayo yapo, na kama ndiyo unayoyafuata hutayakosa. Mwongozo huu unahusu upande mwingine wa ukumbi huohuo: safu za meza ambapo aliyeandika na kuchora kitabu amekaa mwenyewe na kukiuza kwa mkono wake. Hapo ndipo zilipo katuni huru za Uingereza, na nyingi kati yake hutaziona mahali pengine popote.

Sababu ni biashara tu. Duka la magazeti la kawaida lina jarida la katuni The Beano, lililoanza mwaka 1938, lina jingine, 2000 AD, lililoanza 1977, na majarida machache ya watoto. Maduka maalumu ya katuni nayo yameishi miaka mingi kwa kuagiza kazi za Marekani kupitia wasambazaji wakubwa. Mchoraji aliyechapa nakala 200 kwa fedha zake hana pa kujipenyeza hapo. Msambazaji hashughuliki na mzigo mdogo kiasi hicho, na duka likikubali kumuuzia, linakata sehemu nene ya bei. Mezani pesa yote ni yake, akishatoa gharama ya meza, nauli na malazi. Kwa hiyo wachoraji wengi hupanga mwaka mzima kwa kufuata tamasha: kitabu kinamalizika kuchapwa wiki moja kabla, na pengine kinafika ukumbini kikiwa bado kwenye maboksi ya kiwandani.

Na si mtindo wa jana. Waingereza walianza kukusanyika kwa ajili ya katuni Birmingham mwaka 1968. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Paul Gravett aliweka meza yake, Fast Fiction, kwenye soko la katuni la Westminster huko London. Wachoraji walimpelekea vijitabu vya fotokopi naye akawauzia. Mchoraji Eddie Campbell ni mmoja wa waliopitia meza hiyo. Newcastle nako, Desemba 1979, Chris Donald na wenzake walitoa nakala 150 za jarida la vichekesho la Viz wakaziuza baa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 toleo moja la Viz lilikuwa linauza zaidi ya nakala milioni moja. Wengi hawafiki huko wala hawana haja ya kufika, lakini usikidharau kijitabu kwa sababu kimebanwa kwa pini mbili.

Hatua ya 1: Chagua tamasha, maana hayafanani

Nikiulizwa na mtu mwenye pesa ya tamasha moja tu, namwambia aende Thought Bubble. Lilianzishwa Leeds mwaka 2007 na Lisa Wood, mchoraji anayejulikana zaidi kwa jina la Tula Lotay, na tangu 2019 linafanyika Harrogate, mji mdogo wa Yorkshire, mwezi wa Novemba. Uzuri wake ni kwamba katuni ndiyo shughuli yenyewe. Mchoraji anayefanya kazi na makampuni makubwa ya Marekani anapewa meza ileile anayopewa mwanafunzi mwenye kijitabu chake cha kwanza, na pengine wamekaa ubavu kwa ubavu.

Lakes International Comic Art Festival ni la aina nyingine. Lilianza Kendal mwaka 2013, likahamia Bowness, kando ya ziwa Windermere, mwaka 2022. Huko unakwenda kukaa na kusikiliza: mazungumzo marefu, maonyesho ya michoro halisi, wageni kutoka nchi nyingi. Hapo ndipo kilipotangazwa cheo cha balozi wa katuni nchini, wa kwanza akiwa mchoraji Dave Gibbons mwaka 2014. Baadaye cheo hicho kilimfikia Bobby Joseph, aliyetoa Skank miaka ya 1990, jarida la vichekesho lililotokana na maisha ya Waingereza weusi. Kama huyo humfahamu, anza naye.

MCM London hufanyika ukumbi wa ExCeL, Mei na Oktoba. Ni kubwa mno, lina kelele, na wachoraji huru wapo lakini inabidi uwatafute katikati ya michezo ya kompyuta na foleni za picha. Nenda ukiwa na watoto wanaotaka kuvaa mavazi ya wahusika. Kufika ni rahisi: treni ya Elizabeth hadi kituo cha Custom House, unatoka mlangoni pa ukumbi.

Kisha kuna maonyesho madogo ya siku moja, kama South London Comic and Zine Fair na lile la Hackney. Kwa anayeishi London, haya ndiyo mwanzo mzuri kuliko yote. Ukumbi unauzunguka kwa saa moja, mfuko hauumii, na unajifunza jinsi ya kuongea na mtu aliye nyuma ya meza kabla hujakabiliana na mamia. Tarehe na kumbi hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo usilipie chochote kabla ya kusoma tangazo la waandaaji wenyewe.

Hatua ya 2: Tiketi, treni na kitanda

Nunua tiketi ya tamasha mapema. Kwa matamasha makubwa kuna tiketi ya Jumamosi, ya Jumapili, na ya siku zote mbili. Ukiweza, chukua ya siku mbili. Ukilazimika kuchagua moja, Jumamosi ina vitabu vingi zaidi na watu wengi zaidi. Jumapili unapumua na wachoraji wana muda wa maongezi, ila kuna vitabu vitakuwa vimekwisha. Mimi huchagua Jumapili, lakini naelewa wanaopinga.

Hoteli za Harrogate hujaa mapema wikendi hiyo na bei hupanda. Wengi hulala Leeds, ambako vyumba ni vingi, kisha asubuhi wanapanda treni ya karibu dakika 40. Kutoka London kuna treni za moja kwa moja kutoka King's Cross hadi Harrogate. Ukizikosa, unabadilisha Leeds. Tiketi ya treni iliyokatwa wiki kadhaa kabla inaweza kuwa nusu ya bei ya siku ya safari au chini zaidi, na kadi ya punguzo ya reli hupunguza theluthi moja juu yake. Angalia ratiba ya Jumapili mara mbili: ndiyo siku wanayopenda kutengeneza reli, na basi la badala ya treni litakula jioni yako nzima.

Wanaotoka nje ya Uingereza wana kazi ya ziada. Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya matembezi, na maombi hufunguliwa miezi mitatu kabla ya safari. Omba kwanza, nunua tiketi zisizorudishwa baadaye. Mwenye pasi ya Oman haombi viza kwa matembezi mafupi, anahitaji tu kibali cha kusafiri cha kielektroniki, kile kinachoitwa ETA.

Hatua ya 3: Fanya kazi kabla hujafika

Wiki chache kabla ya siku, waandaaji hutoa orodha ya wenye meza na ramani. Kwa Thought Bubble orodha hiyo ina mamia ya majina, na ukijaribu kuisoma yote utachoka ukafunga. Ipitie kwa makundi.

Kundi la kwanza ni wachapishaji huru. Hawa wamekwisha kukuchujia: mhariri amesoma, amekataa, amechagua. Knockabout wapo tangu 1975. SelfMadeHero walianza 2007, Nobrow 2008, Avery Hill 2012. Ongeza Breakdown Press wa London na Myriad. Si wote wanaokuja kila tamasha, ndiyo maana unatazama ramani. Avery Hill, kampuni ndogo ya London ya kusini, ndio waliotoa vitabu vya kwanza vya Tillie Walden mwaka 2015, yeye akiwa Mmarekani kijana ambaye wachache walimjua. Mwaka 2018 alipata Eisner, tuzo kubwa ya katuni ya Marekani. Aliyesimama kwenye meza yao mwaka ule wa kwanza aliondoka na kitabu chake kabla dunia haijamsikia.

Kundi la pili ni majina yanayopendekezwa na wasomaji wenye jicho. Tovuti ya Broken Frontier, wanaofuatilia wachapishaji wadogo kwa karibu kuliko mtu yeyote Uingereza, huchagua kila mwaka wachoraji sita wa kuangaliwa. Chukua orodha ya mwaka huu na ya miaka miwili iliyopita, uone nani kati yao ana meza.

Kundi la tatu ni la bahati nasibu. Fungua kurasa za majina usiyoyajua, kila mmoja mpe sekunde tano. Mchoro ukikushika, andika namba ya meza. Iandike kwenye karatasi, maana ndani ya ukumbi wenye maelfu ya simu mtandao huwa unakufa.

Jiandae pia kwa aina ya hadithi utakazokuta. Aliyekua akisoma katuni za Tanzania kama Sani, au Kingo ya James Gayo, anaweza kudhani katuni ni kucheka kwanza. Vichekesho vipo, lakini nguvu kubwa ya katuni huru za Uingereza iko kwenye maisha ya mtu mwenyewe, ugonjwa, malezi, mahali alikokulia, na mizimu ya vijijini. Ian Williams ni daktari na mchoraji, na riwaya zake za picha zilizotolewa na Myriad zinafuata maisha ya madaktari wa vijijini Wales, pamoja na mambo ambayo daktari hamwambii mgonjwa. Woodrow Phoenix alitoa kitabu kizima kuhusu magari na vifo vya barabarani ambacho kurasa zake ni barabara tupu na alama zake. Ukisoma kazi kama hizo mbili kabla ya kwenda, utajua kuuliza vizuri zaidi mezani.

Hatua ya 4: Pesa na begi

Kijitabu cha kurasa chache mara nyingi ni kati ya pauni 3 na 8. Kitabu chenye uti wa mgongo ni pauni 10 hadi 20, na picha moja ya kutundika ukutani huwa katikati ya hizo. Vinaonekana vidogo kimojakimoja, na ndivyo watu wanavyoondoka na deni. Weka kiasi kabla hujatoka nyumbani. Kama ni pauni 60, tenga 20 kwa vitabu ulivyokwisha kuvichagua kwenye orodha, 40 ziwe za vile usivyovijua. Ukigeuza hesabu hiyo, ungeweza kubaki nyumbani ukaagiza kwa posta.

Wenye meza wengi wana mashine ndogo ya kadi inayotegemea simu, na mtandao ukifa, mashine inakufa nayo. Beba noti za pauni 5 na 10 na sarafu. Anayelipa kitabu cha pauni 4 kwa noti ya 50 saa nne asubuhi hapendwi na mtu.

Begi liwe la bega. La mgongoni linapiga watu kwenye vichochoro vya meza, na ukigeuka linaangusha rafu ya vitabu vya mtu. Ndani yake weka maji, chakula (cha ukumbini ni ghali na foleni yake ni ndefu), kalamu, na bahasha mbili za kadibodi ngumu za ukubwa wa A4. Bahasha hizo ndizo zitakazofikisha vitabu nyumbani bila kukunjika pembe.

Hatua ya 5: Duru ya kwanza, mikono mfukoni

Zunguka ukumbi mzima mara moja bila kununua. Ni ngumu, lakini inalipa, kwa sababu jicho linachoka haraka: meza kumi za kwanza zote zinaonekana za ajabu, na baada ya themanini unajua ni ipi iliyokuwa ya ajabu kweli. Chukua kadi ndogo zilizowekwa mezani, andika nyuma yake kitu kimoja kitakachokukumbusha, mfano "mbweha, rangi mbili, pauni 6".

Kanuni hiyo naivunja kwa sababu moja tu. Ukipenda kitu, uliza zimebaki nakala ngapi. Ukiambiwa nne au tano, nunua palepale.

Hatua ya 6: Mezani

Hapa wengi ndipo wanapoona haya, basi nitakaa kidogo.

Meza ya kawaida ina kitambaa, rafu za waya zilizopandishwa juu ili vitabu vionekane kwa mbali, kadi za bei zilizoandikwa kwa mkono, na kopo la sarafu. Nyuma yake kuna mtu ambaye pengine anachora, kichwa chini. Usidhani amekudharau, wengi wao ni watu wa haya waliozoea kufanya kazi peke yao chumbani, na kalamu inawatuliza. Salimia. Omba ruhusa ya kufungua kitabu. Kuna nakala ya kuonjea, mara nyingi imechakaa pembe au imebandikwa karatasi.

Usihukumu kwa jalada. Jalada limepewa wiki mbili za kazi, kurasa za ndani zimepewa usiku mmoja mmoja. Fungua katikati, tafuta ukurasa ambao watu wawili wanaongea tu, hakuna mapigano wala mandhari. Mchoraji anayejua kazi yake ataufanya ukurasa huo uwe hai: nani anatazama wapi, mkono uko wapi, nafasi tupu imeachwa upande gani. Kisha tazama maandishi. Kama macho yako yanajikwaa hujui ni kiputo kipi cha maneno kinatangulia, hadithi itakuchosha hata ikiwa na michoro mizuri kiasi gani. Maandishi mabaya ndiyo ugonjwa mkubwa wa vitabu vya wanaojichapishia wenyewe, na yakiwa mazuri ujue umekutana na mtu makini. Mwisho soma ukurasa wa kwanza wote ukiwa umesimama palepale. Ukijikuta umegeuza wa pili bila kukusudia, toa pesa.

Angalia na karatasi. Vijitabu vilivyobanwa kwa pini vina kurasa 8, 12, 16 au 24, kwa kuwa kila karatasi iliyokunjwa huzaa kurasa nne. Mwandishi amelazimika kuikata hadithi itoshe humo, na ustadi wake unaonekana hapo. Vingine vimechapwa kwa mashine ya riso, inayoweka rangi moja baada ya nyingine. Utaitambua kwa waridi linalong'aa kuliko kawaida, na kwa rangi zilizopishana nywele moja, bluu ikiwa imetoka kidogo nje ya mstari wake. Wino huo haukauki kabisa. Shika kwa vidole vikavu, na ukifika nyumbani usikibane na kitabu chenye jalada jeupe.

Uliza swali moja la kweli. "Hiki kinahusu nini?" linatosha, ingawa amelijibu mara mia siku hiyo. Zuri zaidi ni kumuuliza aanze kukuonyesha kitabu gani kati ya vyake, na lililo bora kuliko yote ni hili: "Nani mwingine humu ukumbini unampenda kazi yake?" Swali hilo limenipeleka kwenye vitabu vizuri kuliko orodha yoyote. Atainuka, ataonyesha kwa kidole, atakutajia meza ya rafiki yake aliyejificha pembeni kabisa karibu na vyoo, na ukifika huko ukisema nani amekutuma, maongezi yanaanza yenyewe.

Bei haijadiliwi. Najua mkono unawasha mtu aliyezoea Kariakoo au Gikomba, lakini hapa ukiomba upunguziwe unamwambia mchoraji kwamba miezi yake minane haina thamani. Unachoweza kuuliza ni kama vitabu vitatu kwa pamoja vina bei yake. Mara nyingi vina, na imeandikwa kwenye kadi. Jumapili alasiri baadhi yao hushusha wenyewe kwa sababu hawataki kubeba maboksi hadi kwenye treni.

Usipokipenda kitabu, kirudishe kilipokuwa, shukuru, sema utazunguka kwanza. Kila mtu anajua maana yake na hakuna anayekasirika. Kinachoudhi ni kusimama dakika ishirini mbele ya meza ukipiga soga huku wanunuzi wanashindwa kufika. Ukiona mtu amesimama nyuma yako, sogea pembeni.

Saini kwenye kitabu ulichonunua kwa kawaida ni bure, na wengi huongeza kichwa kidogo cha mhusika. Mchoro wa kuagiza unalipiwa, na wachoraji wanaojulikana orodha yao hujaa asubuhi. Kama ndicho kilichokupeleka, anzia hapo kabla ya duru yoyote. Usipige picha kurasa za ndani. Picha ya meza, omba. Picha ya mtu aliyevaa mavazi ya mhusika, omba pia, na usimguse wala kumgusia vazi lake.

Hatua ya 7: Mazungumzo ya jukwaani, na wanaotaka kuchora wenyewe

Chagua kikao kimoja kwa siku, si zaidi, na kiwe mchana ambapo msongamano mezani ni mkali. Kukaa saa moja kunaisaidia na miguu.

Kama wewe mwenyewe unachora, Thought Bubble ina jambo la kujua. 2000 AD wamekuwa wakiendesha hapo shindano la kutafuta vipaji, ambapo waandishi wapya hueleza hadithi yao na wachoraji huleta kurasa mbele ya jopo, watu wakiwa wamejaa ukumbini. Hata usiposhiriki, kaa usikilize. Wahariri husema wazi kwa nini ukurasa huu umefaulu na ule umeanguka. Katika matamasha mengine pia kuna wahariri wanaotazama kazi za wageni. Wapelekee kurasa tano au sita za hadithi inayoendelea, zilizochapwa kwenye karatasi. Picha moja nzuri ya shujaa amesimama haiwaambii kama unaweza kusimulia.

Hatua ya 8: Ukifika nyumbani

Soma ndani ya wiki hiyo. Rundo likikaa mwezi, litakuwa pambo. Ukikipenda kitabu, mwandikie mchoraji mistari miwili. Wengi wao hawapati barua za wasomaji kabisa. Jiandikishe kwenye jarida lake la barua pepe, kwa sababu kitabu kijacho pengine kitachangishwa pesa kwenye tovuti ya Kickstarter na nakala zitakazochapwa zitalingana na wachangiaji.

Kati ya tamasha moja na jingine, tegemea maduka yanayowajali hawa watu. Page 45 ya Nottingham ipo tangu 1994, na wauzaji wake wamesoma wanachokiuza. Waambie umependa nini, watakutolea kingine. Gosh! ya Soho, London, na OK Comics ya Leeds nazo zina sehemu ya wachapishaji wadogo. Pesa zikiwa hazipo, jiunge na maktaba ya mtaa wako. Uanachama ni bure, na riwaya za picha ambazo hazipo kwenye rafu unaweza kuomba ziletwe kutoka tawi jingine. British Library, kwa sheria, inapaswa kupokea nakala ya kila chapisho linalotolewa nchini, hata kijitabu cha kurasa nane, na kadi ya msomaji haina malipo.

Kama uko Dar, Nairobi au Muscat

Tamasha si lazima liwe ukumbi. Mwaka 2021 Zainab Akhtar wa ShortBox, mchapishaji wa katuni, alianzisha maonyesho ya mtandaoni ya mwezi Oktoba, ambapo wachoraji kutoka nchi nyingi waliuza katuni mpya kama faili za kupakua, kwa bei ya kikombe cha kahawa na kitafunwa mjini. Tangu hapo wachoraji wengi wa Uingereza wanauza faili za vitabu vyao moja kwa moja, pamoja na vile vilivyokwisha kwenye karatasi. Kwa Kenya, kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay inakubalika panapopokelewa Visa. Somea kwenye tableti ikiwezekana. Kurasa zilizopangwa kwa ukubwa wa A5 zinabanwa sana na skrini ya simu.

Kwa vitabu vya karatasi, gharama ya posta kuja Afrika Mashariki mara nyingi inazidi bei ya kitabu chenyewe. Kusanyeni oda watu watatu au wanne kwa mchoraji mmoja au mchapishaji mmoja, mgawane posta. Au kama una ndugu Leicester, Northampton au London, mwombe vipelekwe kwake, avihifadhi mpaka apatikane anayekuja likizo. Avipakie katikati ya nguo vikiwa bado ndani ya bahasha ya kadibodi, na asivisomee kwenye ndege akiwa na chakula.